Urani karibu na mikoko: pimeni visima kabla shimo halijachimbwa

SWALI: Assalamu aleikum. Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi hapa Mambrui. Tangu kaskazi kwisha wamekuwa wakija watu na kimashine kinacholia tiki-tiki. Wanachota mchanga mweusi, wanautia mifukoni, wanaondoka. Vijana wanasema ni urani. Wazee wanauliza kama mchanga huo umekuwa ukituumiza miaka yote hii. Kama kweli ipo, inachimbwaje karibu na mikoko na mdomo wa Sabaki, na sisi tudai nini kabla ya kutia saini karatasi yoyote?

JIBU: Waaleikum salaam, bwana katibu. Nitaanza na la wazee, maana ndilo jepesi.

Weusi wa mchanga ule si urani. Ni ilmenaiti na magnetaiti, madini ya chuma na titani yaliyosombwa na mto kutoka bara na kuchambuliwa na mawimbi: chembe nyepesi zinachukuliwa, nzito zinabaki zimejipanga mistari mistari ufuoni. Humo humo mna ganeti, rutaili, zirkoni, na chembe chache za rangi ya asali ziitwazo monazaiti. Hiyo monazaiti ndiyo hasa inayokiliza kimashine, na zirkoni kidogo. Hazina ya Mambrui si habari mpya. Kampuni ya Tiomin ya Kanada iliitambua miaka ya 1990 pamoja na zile za Sokoke, Vipingo na Kwale, na iliyokuja kuchimbwa ni ya Kwale peke yake, mpaka mwisho wa 2024. Waliitaka titani na zirkoni. Ila vijana wenu hawakukosea kabisa. Mwaka huo huo wa 2024 kampuni mama ya mgodi wa Kwale ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, ambayo kazi yake ya asili ni urani, na ilichokitamani zaidi ni monazaiti ya Toliara, Madagaska. Kwa hiyo anayepima mchanga wa pwani siku hizi huenda ana hesabu mbili kichwani.

Tufanye hesabu hiyo kwa tani moja ya mchanga. Tuseme asilimia 3 ni madini mazito: kilo 30. Tuseme nusu ya asilimia 1 ya hayo mazito ni monazaiti: gramu 150. Monazaiti kwa kawaida huwa na thori (metali ya asili yenye mionzi, kama urani) asilimia 6 hivi na urani asilimia 0.3. Hapo tani nzima imekupa gramu 9 za thori na chini ya nusu gramu ya urani. Ongeza iliyomo kwenye zirkoni, hufiki gramu moja na nusu. Jiwe la kawaida tu, popote duniani, lina urani gramu 2.7 hivi kwa tani. Mchanga wenu ukiwa umelala ufuoni ni maskini wa urani kuliko jiwe la barabarani, na anayetembea juu yake au kuanika nyavu hapo hana la kuogopa. Nionye jambo moja tu: msiuchote kwenye ile mistari myeusi kabisa kwa kupiga lipu au kumwaga sakafu ya chumba cha kulala. Ufuoni upepo unapita. Ndani ya nyumba, gesi ya thori inatoka ukutani na wewe umelala hatua moja kutoka hapo, usiku kucha, miaka na miaka.

Tabu huanza madini yanapokusanywa. Ile monazaiti iliyotawanyika gramu 150 kwa tani, ukiitenga kwa maji, sumaku na umeme mpaka ikawa gunia, kila gramu yake ina mionzi ya thori ya bekereli 240 hivi. Kiwango ambacho Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hutumia kuamua kama kitu cha asili kiwekwe chini ya udhibiti ni bekereli 1 kwa gramu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mchimba mchanga ni fupi: monazaiti itakwenda wapi? Akisema ataiuza, aonyeshe kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Akisema ataitupa, basi aichanganye tena na mchanga uliokwisha kuchujwa, kwa uwiano ule ule uliokuwapo mwanzo, na aifukie juu ya usawa wa maji ya ardhini. Kosa linalorudiwa ni kuimwaga fungu moja nyuma ya kiwanda "kwa muda". Muda huo hauishi, upepo wa kusi unapeperusha vumbi, na wafanyakazi wa mashine za kukaushia wanalivuta kifuani. Vumbi hilo ndilo la kutazamwa kwenye mgodi wa mchanga, kuliko mionzi ya kupita hewani.

Sasa tuseme ni urani yenyewe, si mchanga. Kwa pwani yetu, mahali pa kuitarajia si ufuoni bali bara kidogo, kwenye mawe ya mchanga ya zama za kale ziitwazo Karoo, ukoo mmoja na yale ya Mariakani na Mazeras. Mawe ya umri huo ndiyo yaliyobeba urani ya Mkuju kusini mwa Tanzania na Kayelekera huko Malawi. Ukoo si ushahidi, lakini mtafutaji ataanzia hapo, na kutoka kisima cha kwanza cha kuchorongwa hadi ngoma ya kwanza ya urani kwa kawaida hupita miaka kumi au zaidi. Ikitokea mtu anawaambia mgodi utafunguliwa mwakani, anatafuta mnunuzi wa leseni, si mgodi.

Njia za kuchimba ni mbili kuu. Ya kwanza ni kutochimba: unatoboa visima, unapeleka chini maji yenye asidi au magadi (yaani kabonati) pamoja na oksijeni, urani inayeyuka humo humo ardhini, unaivuta juu kwa visima vingine. Zaidi ya nusu ya urani ya dunia sasa hupatikana hivyo, hasa Kazakhstan. Haina shimo wala mlima wa makapi, na ndiyo sababu kampuni hupenda kuitaja kwenye mahali nyeti. Sharti lake ni moja na halina mjadala: tabaka lenye urani liwe limefungwa juu na chini kwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, na maji yake yasiwe ya kunywa. Pasipokuwa na hayo, dawa inakwenda isikotakiwa. Kule Stráž pod Ralskem, Chekia, zilipelekwa ardhini zaidi ya tani milioni 4 za asidi ya salfuriki. Uchimbaji uliachwa miaka ya 1990, na kusafisha kunaendelea mpaka leo. Mwamba wa matumbawe, ambao ukimwaga ndoo ya maji unaisikia ikizama, haufai hata kufikiriwa.

Tena chokaa inakula asidi. Kilo 1 ya chokaa ya matumbawe inamaliza karibu kilo 1 ya asidi ya salfuriki. Jiwe lenye chokaa asilimia 10 litataka kilo 98 za asidi kwa tani kabla urani haijaguswa, na humo ndani unatafuta gramu 300. Hakuna mhasibu atakayekubali. Kwa hiyo karibu na pwani mtaambiwa wanatumia magadi, njia ya "upole". Sawa, magadi hayachomi ngozi. Lakini urani ikishikana na kabonati hutulia ndani ya maji na kusafiri nayo mbali. Na maji ya visima vyenu, yale yanayokataa povu la sabuni, yamejaa bikabonati tayari. Yaani kikivuja kitu, maji yenu ndiyo mbebaji hodari kuliko ya mahali pengine pengi. Hili silioni likiandikwa kwenye vijitabu vya rangi vinavyogawiwa mikutanoni.

Njia ya pili ni shimo wazi. Jiwe linalipuliwa, linasagwa kuwa unga, linalowekwa kwenye matangi makubwa, urani inakamatwa kwa utomvu maalumu, inagandishwa, inakaushwa kuwa unga wa manjano na kufungwa kwenye ngoma za chuma. Ngoma moja, ukubwa wa pipa la mafuta la lita 200, huwa na kilo 400 hivi. Hizo ngoma watu huziogopa bure. Mionzi yake ni hafifu na zimefungwa vizuri. Tazameni kilichobaki nyuma. Jiwe la gramu 300 kwa tani, kiwanda kikitoa asilimia 85, kinahitaji tani 3,900 za jiwe kupata tani 1 ya urani. Zile 3,900 zote zinageuka tope la makapi, na tope hilo linabaki na kama asilimia 85 ya mionzi yote ya jiwe la awali, kwa sababu kilichoondolewa ni urani tu. Watoto wake, yaani elementi zinazozaliwa urani inapovunjika, wamebaki: thori-230 inayochukua miaka 75,000 kupungua nusu, na radi-226 inayochukua miaka 1,600 na kuzaa gesi ya radoni kila siku ya maisha yake. Jiwe lilikuwa gumu na limelala chini. Sasa ni uji laini ulio juu ya ardhi.

Ndiyo maana kwa mgodi wa urani mimi husoma kurasa za bwawa la makapi kwanza, mengine baadaye. Linataka sakafu ya mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake turubai zito la plastiki, juu yake mifereji ya kukusanya kinachochuja, na visima vya ulinzi pande zote. Kule Church Rock, New Mexico, tarehe 16 Julai 1979, ukuta wa bwawa ulipasuka alfajiri kwa sababu msingi ulititia na nyufa zikaachwa. Maji ya asidi mita za ujazo 350,000 hivi yakaingia mto Puerco, ambao Wanavajo walikuwa wakinyweshea mifugo. Haikuwa bomu wala tetemeko. Udongo wa chini ulikuwa laini, basi. Na udongo wa bonde la Sabaki ni mashapo matupu.

La pili linaloharibu mabwawa ni mvua. Bwawa la hekta 50 likipokea milimita 300 katika mwezi mmoja wa masika, jambo ambalo Malindi halishangazi mtu mwezi wa Mei, limeongezewa mita za ujazo 150,000. Maji hayo yanakwenda wapi? Jibu likiwa "yatakauka kwa jua", wahusika wametumia hesabu ya jangwa la Namib. Huko Langer Heinrich, ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft, jua linamaliza kazi. Hapa, wakati wa masika, jua haliwezi. Kayelekera, penye mvua kama sisi, ilibidi maji yasafishwe na kuachiliwa mtoni kwa utaratibu. Kwa hiyo ulizeni kiwanda cha kusafisha maji kitakuwa na uwezo gani kwa saa, na nani ataendelea kukiendesha bei ya urani ikianguka. Kayelekera ilifunguliwa 2009, ikasimamishwa 2014 kwa sababu ya bei. Mvua haikusimama.

Maji matamu ya pwani nayo yana tabia yake. Yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna mita 40 hivi. Shimo la mgodi lazima likaushwe kwa pampu. Pampu ikishusha maji mita 1, chumvi inapanda polepole kuelekea mita 40 hizo. Ndugu zetu wa Lamu wanalijua hili vizuri, kwani maji ya mji wao yanategemea matuta ya mchanga ya Shela. Kwa hiyo hata mgodi usiovuja tone la sumu unaweza kuwaachia visima vya chumvi, na athari hiyo ndiyo itakayowafikia kwanza, miaka kabla ya mionzi.

Mikoko ni mlinzi wenu, mradi haichimbuliwi. Lile tope jeusi linalonuka yai viza halina oksijeni, na urani ikifika hapo inaacha kuyeyuka, inanasa. Likichimbuliwa kwa ajili ya gati au mfereji na kuachwa juani, salfaidi ya chuma iliyomo inageuka asidi ya salfuriki, na kila metali iliyokuwa imenasa inaachiliwa kwa mkupuo. Mtaiona: madoa ya manjano kwenye nyufa za tope lililokauka, maji ya rangi ya kutu, kaa wanahama. Kipimo cha asidi (pH, ambacho hushuka asidi ikizidi) kikishuka chini ya 4 hapo, kazi isimame.

Sasa la kudai. Mkilipata moja tu, liwe hili: vipimo vya mwanzo, kabla ya kuchorongwa kisima kikubwa cha kwanza, kwa mwaka mzima, vikishika masika na vuli, kusi na kaskazi. Sababu yake ni kwamba urani ipo kila mahali. Maji ya bahari yenyewe yana maikrogramu 3.3 kwa lita. Chaza na kome kwa asili hukusanya poloni-210 nyingi kuliko chakula kingine. Miaka kumi baadaye mkimpima chaza na kukuta poloni, wakili wao atasema "ni ya asili", na pasipo karatasi ya zamani hamtakuwa na jibu. Mwenye vipimo vya mwanzo ndiye mwenye kesi.

Chagueni visima kama 15: vya juu ya eneo la mgodi, vya chini kuelekea bahari, na viwili vitatu vya mbali visivyoweza kuguswa, ili viwe vya kulinganishia. Kila safari andikeni kina cha maji kutoka mdomo wa kisima, chumvi, asidi, joto. Maabara ipime urani, radi-226, mionzi ya alfa na beta kwa jumla, bikabonati, salfeti, aseniki, seleni, molibideni na manganizi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa urani katika maji ya kunywa ni maikrogramu 30 kwa lita, na kimewekwa kwa ajili ya figo. Kwa kipimo hicho sumu ya urani hutangulia mionzi yake. Mionzi ya alfa ikizidi bekereli 0.5 kwa lita, uchunguzi wa ndani zaidi ufanywe. Ongezeni tope la mikoko kutoka sehemu tano sita, chaza, kaa, na samaki wa kupikwa nyumbani. Na vikombe vya kupimia radoni vikae vyumbani miezi mitatu, hasa nyumba za matumbawe. Shirika hilo hilo linashauri isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo. Mwananchi asiyefanya kazi mgodini hatakiwi kuongezewa zaidi ya milisiveti 1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, na mnaweza kudai hesabu hiyo ifanywe kwa mtoto anayekunywa kisima chenu, si kwa mtu mzima wa vitabuni.

Kisheria mna nguvu kuliko mnavyodhani. Kwanza fungueni ramani ya leseni ya wizara ya madini mtandaoni mwone kama wale wa mifuko wana leseni ya utafutaji. Madini ya mionzi yamo kwenye orodha ya madini ya kimkakati, kwa hiyo si kila mwenye gari na koleo anaruhusiwa. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ikitangazwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa kawaida mna siku 30 za kutoa maoni. Pelekeni kwa maandishi na mgongewe muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa, siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal). Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa huko mwezi Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Na Mrima huko Kwale, kilima chenye thori na msitu wa kaya, kampuni iliyonyang'anywa leseni 2013 ilikwenda kuishitaki Kenya nje. Ikashindwa 2018, sababu mojawapo ikiwa leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira kukamilika. Wawekezaji makini wanaijua hukumu hiyo. Tajeni Mrima mkutanoni mwone nani anakaa sawa kwenye kiti.

Fedha nitazipitia upesi: mrabaha hugawiwa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Ila dhamana ya kufunga mgodi ni kubwa kuliko mrabaha wowote, iwe fedha taslimu benki au hati ya benki, na iwekwe kabla ya kuanza. Ranger, mgodi uliozungukwa na hifadhi ya Kakadu huko Australia, ulisimama kusaga 2021. Gharama ya kuusafisha imevuka dola za kule bilioni 2, na makapi yanatakiwa yatengwe kwa miaka 10,000. Kampuni ndogo ya ofisi moja haina fedha hizo, hata ikiwa na nia njema.

Kuhusu saini: karatasi ya mahudhurio ya mkutano huambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba mlishirikishwa, na msomaji wa mbali huichukua kuwa mmekubali. Andikeni juu yake kwa mkono, kabla ya jina la kwanza: "Tumehudhuria kusikiliza, hatujatoa idhini." Pigeni picha ukurasa huo ukishajaa.

Na mkianza kuchota maji, tumieni chupa za plastiki mpya, zisuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe. Yachujwe kwa karatasi ya maikroni 0.45, kisha mtu wa maabara atie asidi ya nitriki safi mpaka kipimo kishuke chini ya 2, la sivyo urani itaganda kwenye ukuta wa chupa na maabara itasoma kidogo kuliko iliyopo. Ile ya kupima bikabonati isitiwe asidi. Ijazwe mpaka juu, ikae kwenye barafu kama samaki. Kila kisima chupa mbili za kila aina, lakiri na saini ya pande zote mbili, na seti ya pili ibaki kwenu Mambrui.